Javan Ongoro Anaweka Koleo Chini

Jumatatu tarehe 30 Septemba 1968, Bwana Javan Ongoro, mng'oa meno wa Hospitali ya Misheni ya Rabango, anastaafu baada ya kuitumikia hospitali hii kwa miaka ishirini na miwili. Umri wake ni miaka arobaini na saba. Nywele zake bado nyeusi, macho yake hayahitaji miwani, na mkono wake hautetemeki. Mtu wa namna hiyo si wa kustaafu. Lakini anastaafu, na sababu yake nitaifikia, msiniharakishe.

Kamati ya sherehe ilimtuma karani wetu, Bwana Ogeto, atafute mfanyakazi mwenzake wa siku nyingi amwandikie wasifu. Ogeto hakwenda mbali. Mimi nilipika uji wa wagonjwa katika jiko la hospitali hii tangu 1948 hadi 1963, kwa hiyo ni mfanyakazi mwenzake. Tena nilimzaa. Hakuna mwingine hapa Rabango mwenye sifa hizo mbili. Ogeto alinipa karatasi mbili akaniambia, "Mama Truphena, tafadhali, usijisifu." Nilimwambia sitajisifu hata neno moja, nitamsifu mtoto wangu, na karatasi aongeze.

Javan alizaliwa mwaka 1921 upande wa Ndhiwa, mtoto wangu wa kwanza, na alitoka na sauti ambayo majirani waliisikia ng'ambo ya mto. Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la sita, akawa wa pili. Aliyekuwa wa kwanza simtaji, kwa sababu baadaye alifungwa kwa wizi wa ng'ombe. Mimi mwenyewe nilisoma mpaka darasa la tatu, na darasa la tatu la zamani si hili la siku hizi. Kiswahili nilijifunzia Kisumu, tulipokaa katika nyumba za reli na marehemu mume wangu.

Wale vijana wauguzi wanaosoma karatasi hii wafahamu jinsi mambo ya meno yalivyokuwa hapa kwetu. Zamani za wazee, Mjaluo alitolewa meno sita ya chini ya mbele anapokuwa mkubwa. Huo haukuwa ugonjwa, ilikuwa alama yetu. Kazi hiyo ilikuwa ya mtu mmoja anayejulikana, tuliyemwita ja-nak, na alijifunza kutoka kwa baba yake au mjomba wake. Hakuna aliyeamka asubuhi akajifanya ja-nak. Mimi meno hayo sita sina, niliyatoa nikiwa msichana na sikulia. Waulizeni wa rika langu, wale waliobaki.

Lakini jino linalouma ni jambo jingine. Jino linalouma lilikuwa halina mwenyewe. Ukiumwa gego, ulikwenda sokoni. Pale Oyugis siku ya soko palikuwa na mtu mwenye koleo la fundi baiskeli na debe tupu. Koleo lilikuwa la kung'olea. Debe lilipigwa na mke wake kwa nguvu wakati wa kung'oa, ili walio kwenye foleni wasisikie mwenzao analia. Watu walicheka sana, na mimi nilikuwa nacheka, mpaka mwaka 1939 shemeji yangu James alipokwenda kwake.

James ndiye baba mdogo wa Javan, aliyemfundisha kutega ndege na kuogelea. Mtu wa debe alimng'oa jino lisilouma. James alipolalamika, akamng'oa na la pili, kwa koleo lile lile lililotoka kwenye mdomo wa mtu mwingine. Taya likavimba, shingo ikavimba, tukambeba juu ya kitanda cha kamba kuelekea hospitali. Hatukufika. Wazee wa ukoo walikwenda kumwuliza yule mtu, ulimng'oa jino gani, koleo ulilisafisha na nini? Alijibu kwamba hakumbuki, wateja ni wengi.

Javan alikuwa kijana wa miaka kumi na minane. Alimwuliza baba yake, "Baba, nani alimpa ruhusa ya kung'oa watu meno?"

Marehemu mume wangu alimtazama kama mtu aliyeulizwa nani amempa kuku ruhusa ya kutaga. "Ruhusa ya nini? Koleo ni lake."

Basi, jibu hilo halikumtosha mtoto wangu, na halijamtosha hata leo.

Vita vilipokuja alijiandikisha jeshini, akapelekwa katika kikosi cha wauguzi, akafika mpaka Burma. Huko aliwekwa chini ya kapteni mmoja Mzungu ambaye kazi yake ilikuwa meno ya askari. Alianza kwa kuchemsha vyombo. Baadaye alishika taa. Baadaye kapteni aliumwa malaria, askari wamepanga mstari nje ya hema, na Javan akashika koleo. Alirudi nyumbani mwaka 1946 na koti la jeshi na sanduku la bati. Vijana wengine walirudi na habari za mizinga. Javan alirudi na habari za mizizi ya magego: lipi lina mizizi miwili, lipi lina mitatu, na sindano ya ganzi inaingia wapi. Wasichana walimkimbia. Benta peke yake alikaa akasikiliza mpaka mwisho, ndiyo maana ni mkwe wangu.

Hospitali hii ilimwajiri mwaka huo huo. Hapo ndipo jambo la ruhusa lilipoanza. Daktari Mzungu wa misheni alimweleza kwamba sheria ya nchi haimruhusu mtu kufanya kazi ya meno kwa kupenda kwake. Lazima aandikishwe Nairobi, na wa kuandikishwa ni mwenye cheti cha chuo cha ng'ambo. Watu wenye vyeti hivyo walikuwa katika miji mikubwa, wakiangalia meno ya wenye mali. Sisi huku, kutoka Homa Bay mpaka mpaka wa Tanganyika, tulikuwa na debe. Kwa hiyo daktari akamwombea Javan kibali, cha mwaka mmoja mmoja. Masharti yake Javan aliyajua kama anavyojua Baba Yetu. Ang'oe tu, asizibe. Atumie ganzi. Awe chini ya hospitali. Asijiite daktari wala asiruhusu kuitwa. Na asifanye kazi nje ya wilaya.

Vijana mnaweza kudhani masharti hayo yalimkera. Yalimfurahisha! Alikuwa mtu wa kwanza katika wilaya yetu kung'oa jino kwa ruhusa. Benta alitia kibali katika fremu ya kioo, na mimi niliwapeleka wageni wangu kukiona. Padre mmoja kutoka Kisii alikisoma mara mbili.

Mwaka huo wa kwanza alipanda gari la hospitali mpaka soko la Oyugis. Alimkuta yule mtu wa debe bado yuko, amenona. Javan alisimama mbele yake na mkoba wake, akamwuliza mbele ya watu, "Ndugu, ruhusa yako iko wapi?"

"Na yako iko wapi, wewe mtoto?"

Javan akafungua mkoba, akatoa fremu na kioo chake. Alikuwa ameibeba kutoka ukutani! Soko zima likacheka, mke wa yule mtu akaacha debe akacheka pia, na baada ya hapo hatukuwaona tena Oyugis.

Mambo ya kuchekesha ya miaka hii ni mengi. Kuna koplo wa polisi kutoka Migori, mtu wa kukamata wezi wa ng'ombe kwa mikono mitupu, aliyezimia alipoona sindano na kumwangukia nesi wetu Monicah. Tangu siku hiyo Monicah aliamuru kila mwanamume mwenye sare alazwe kwanza, ndipo aonyeshwe chombo. Kuna mwalimu wa kwaya aliyeomba ang'olewe baada ya Krismasi ili asiharibu sauti ya tatu, akaimba na shavu kama papai.

Kuna na Bwana mmoja aliyetoka Nairobi kuchunguza midomo ya watu wa Nyanza Kusini. Alikaa siku nzima akiwaangalia wazee na kuandika, na uso wake ukazidi kuwa na huzuni. Jioni alimwita Javan pembeni akamwambia amegundua ugonjwa wa hatari unaokula meno sita ya chini tu, kwa wanaume na wanawake, na hajui unaambukizwaje.

"Bwana," Javan alimwambia, "huo si ugonjwa. Hao ni Wajaluo."

Mimi nilitolewa jikoni na mwiko mkononi, nikafungua mdomo kama ushahidi. Bwana yule alifuta kurasa zake zote, akacheka mpaka akakohoa. Wakati wa kuondoka alimwambia daktari wa misheni kwamba mkono wa Javan ni mzuri kuliko mikono mingi yenye vyeti. Hilo silitungi. Monicah alikuwapo.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito.

Baada ya uhuru, wakubwa wa leseni walituma habari kwamba wale wang'oa meno wa zamani, wenye utumishi mrefu na vibali safi, wanaweza kutahiniwa. Atakayefaulu ataandikishwa, atapewa leseni yake mwenyewe ya kudumu, na ataweza kufungua chumba chake popote nchini bila kuwa chini ya mtu. Nafasi hiyo ilikuwa ya mara moja tu. Ikishapita, mlango unafungwa, na kuanzia hapo watakaoandikishwa ni wenye vyeti vya chuo peke yao.

Javan alikuwa amengoja neno hilo maisha yake yote. Alinunua kiwanja kidogo pale Suna, akajenga chumba kimoja cha matofali chenye dirisha kubwa upande wa mashariki. Alinunua kiti cha kinyozi kutoka Kisumu, kile kinachopanda na kushuka, na wajukuu wangu walikipanda mpaka wakakatazwa. Alitengenezesha ubao wa jina, ukapakwa rangi nyeupe, ukasimamishwa ukutani ukingoja maandishi. Watu wa Migori walipita wakiuliza, "Utafungua lini, daktari?" naye akawajibu kila mara, "Mimi si daktari. Na bado sijaruhusiwa."

Mwaka 1965 alifanya mtihani Kisumu, siku mbili, wa maandishi na wa mikono. Alifaulu. Nilisimama kanisani kutoa shukrani, nikasema mpaka mchungaji akaniomba niwaachie wengine muda. Kilichobaki kilikuwa kipindi cha kuangaliwa, nusu mwaka, ambamo alitakiwa afuate kila sharti la kibali chake bila kosa. Baada ya hapo jina lake lingechapwa katika gazeti la serikali pamoja na madaktari wa meno wa Nairobi na Mombasa. Ongoro! Mtoto wa Ndhiwa!

Ilikuwa imebaki miezi miwili. Siku hiyo gari la hospitali lilikuwa katika kituo chetu cha mpakani, karibu na Isebania. Alikuja kijana mmoja Mkuria, Wangwe, anakimbia, akasema baba yake Mzee Nchagwa Maroa amevimba taya mpaka jicho limefungwa, hawezi kutembea, hawezi hata kumeza mate. Javan aliniambia baadaye kwamba hakumsikia vizuri. Alikuwa anaona kitanda cha kamba na James juu yake. Alichukua mkoba, Monicah akabeba kiti cha kukunja na sufuria ya vyombo vilivyochemshwa, wakamfuata kijana kwa miguu.

Boma la Mzee Nchagwa lilikuwapo kabla ya mpaka. Nyumba ya mke mkubwa, Nyasuguta, iko Kenya. Nyumba ya mke mdogo, Mellen, inatazamana nayo, na iko Tanzania. Katikati ni uwanja ambao kuku wanapita bila kuulizwa kabila wala serikali. Vigingi vya mpaka viko mbali, kimoja mlimani na kingine bondeni, na mtu hawezi kujua mstari unapita wapi mpaka avute kamba. Watu wa pale huvuka nchi wakienda kuazima chumvi.

Javan aliweka kiti mlangoni kwa Nyasuguta. Mzee Nchagwa alikataa kukaa. Alinyoosha fimbo yake kuelekea nyumba ya pili.

Nyasuguta akauliza, kwa sauti ya kufika Tarime, "Tangu lini mwenye boma anatibiwa mlango mdogo?"

"Mlango mdogo ndiko anakolala, Mama Wangwe," Mellen akamjibu kutoka kule, akifagia mahali pa kiti.

Mzee alimvuta Javan karibu, akamnong'oneza kwa upande ule wa mdomo uliokuwa mzima, "Mtoto wangu, huyu mkubwa akinisikia nikilia atanicheka mpaka siku ya matanga yangu. Nipeleke kule."

Javan alitazama mwanga. Jua lilikuwa limegeuka. Kwa Nyasuguta kulikuwa na kivuli cha paa, kwa Mellen kulikuwa na jua zuri la kuingia mpaka kooni. Mng'oa meno bila mwanga ni mtu wa debe tu. Akabeba kiti kwa mkono wake mwenyewe, akavuka uwanja. Monicah hakuwaza, Wangwe hakuwaza, hakuna aliyewaza. Jino likatoka, usaha ukajaa bakuli, na jioni Mzee Nchagwa alimeza uji. Daktari wetu alisema baadaye angechelewa siku moja zaidi tungekuwa tunasema habari nyingine. Na Mzee alilia, ndiyo, alilia kama mtoto, na Nyasuguta alisikia kila kitu.

Laiti Mzee Nchagwa angekuwa mtu wa kunyamaza. Lakini alipona, na mtu aliyepona hupenda kusimulia. Siku ya soko pale Sirari, upande wa Tanzania, alifungua mdomo kwa kila aliyemsalimu. "Tazama hapa! Kenya wamenituma mtu, akanifuata mpaka kwa mke wangu mdogo!" Maneno yakafika kwa ofisa wa afya wa upande ule, naye, kwa adabu kabisa, akawauliza wenzake wa Kenya huyu ni nani anayefanya kazi ya meno katika nchi yao, na leseni yake ni ya wapi. Simlaumu. Hata mimi mtu akija kupika katika jiko langu nitauliza.

Wakubwa watatu wakatoka Nairobi kuja Homa Bay kusikiliza jambo hilo. Wawili walikuwa Wazungu, na aliyekaa katikati alikuwa mwenzetu Mwafrika mwenye miwani. Mimi nilikaa nyuma na kitambaa changu cha kanisa kichwani. Mzee Nchagwa alikuja na boma lake lote, kwa sababu Wangwe alikuwa amewaeleza jambo lilivyo: kiti kikiwa kwa mke mkubwa, Javan anapata leseni. Kikiwa kwa mke mdogo, hapati.

Nyasuguta alisimama wa kwanza. "Kiti kilikuwa kwangu. Mimi ndiye mke mkubwa. Mume wangu angetibiwa wapi tena, kwa jirani?"

Mzee Nchagwa akasema ni kweli, kwa Nyasuguta. Watu wao walinong'ona kwamba hajawahi kukubaliana naye hadharani tangu ndoa.

Nilianza kupumua. Ikabaki Mellen. Wangwe alikuwa amemwomba njia nzima, na alikuwa ameahidi. Lakini alikuwa amesikia mwenzake akijitwalia kiti mbele ya wakubwa wa serikali, tena kwa kidevu kilichoinuliwa, na akashindwa.

"Mwongo! Damu ilianguka kwangu, niliifagia kwa mkono huu! Wewe ulikuwa umekaa kwako umenuna, unahesabu vilio!"

"Nilihesabu! Vilikuwa vingi!"

Chumba kizima kikaangua kicheko, hata Mzungu aliyekuwa akiandika. Mwenye miwani peke yake hakucheka. Alingoja watu wanyamaze, akamgeukia Javan, akasema polepole, "Bwana Ongoro. Hapa tuna wanawake wawili, kila mmoja na mlango wake. Siku nyingi zimepita. Labda na wewe hukumbuki vizuri?"

Alikuwa anampa njia. Kila mtu mle ndani alielewa. Mellen mwenyewe alielewa, akajiziba mdomo kwa leso, macho yametoka. Neno moja tu, sikumbuki, na ile ripoti ingekuwa maneno ya wake wenza. Mimi mama yake nilimwomba Mungu mtoto wangu asahau. Niliomba hivyo, na kanisa halikuwa mbali.

Javan alisimama, kofia mkononi. "Nakumbuka, bwana. Kwa mama mkubwa kulikuwa na kivuli. Nilihamisha kiti nikakipeleka kwa mama mdogo."

"Ulijua kwamba pale ni Tanzania?"

"Sikufikiri, bwana. Nilifikiri jino."

"Na kama ungefikiri?"

"Ningeagiza taa ya karabai iletwe kutoka kituoni, nikamng'olea kwa mama mkubwa."

Mwenye miwani alivua miwani akaifuta. Kisha akasema kanuni ya kipindi cha kuangaliwa haina nafasi ya kusamehe, na akatoa uamuzi pale pale. Jina la Javan liliondolewa. Walimpa mkono wote watatu. Nje, Mzee Nchagwa alikaa chini kwenye nyasi, akasema atampa ndama jike, atampa wawili. Javan alimwinua, akamtazama mdomo kuona kama kidonda kimefunga vizuri, akamwambia aendelee kusukutua kwa maji ya chumvi.

Njiani nilimwambia, "Nyathina, mtoto wangu, ungesema tu hukumbuki."

"Mama," akaniambia, "yule wa debe aliposema hakumbuki, tulimwitaje?"

Nilikuwa na machozi.

Alirudi kazini kesho yake. Aliendelea kwa kibali kile kile cha mwaka mmoja mmoja, miaka mingine mitatu, na hakuna mgonjwa aliyemsikia akilalamika. Chumba cha Suna amekikodisha kwa fundi cherehani, ambaye anausifu sana mwanga wake. Sasa wilaya inapata daktari wa meno aliyeandikishwa, kijana wetu mwenyewe aliyesoma ng'ambo, na vibali vya zamani vinakwisha mwezi huu. Nimemwona kijana huyo. Ana adabu, na alimsalimu Javan kwa mikono miwili. Javan mwenyewe amemwonyesha kabati, vyombo, na tabia za kila mlango. Ananiambia, "Mama, hili ndilo tulilotaka. Mtu wa kung'oa Mjaluo na Mkuria awe amesoma na ameruhusiwa." Anasema kweli. Lakini moyo wa mama haukuandikishwa Nairobi, haufuati kanuni. Ninasikitika. Nitaendelea kusikitika hata baada ya soda na mandazi ya leo kwisha, na mtaniwia radhi.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Rabango, wa wodi, wa maabara, wa shambani na wa jikoni, namshukuru Bwana Javan Ongoro kwa kazi aliyoifanya. Tunamshukuru Benta kwa makoti meupe aliyopiga pasi. Tunamshukuru nesi Monicah, ambaye anasema hatamshikia taa mtu mwingine mpaka aombwe vizuri. Watu wote wa Nyanza Kusini wanaotafuna nyama leo bila kushika shavu, wajue ni nani wa kumshukuru. Tunamtakia mapumziko yenye afya, shamba lenye mvua, na wajukuu wengi wasioogopa sindano.

Ogeto ameniuliza kwa nini sitaki kusimama niyasome maneno haya mwenyewe, mtu ninayependa kusema hivi. Sababu ni gego langu la juu, upande wa kulia. Lilianza kuuma wiki iliyopita. Javan alilitazama, akaniambia nije Jumatatu asubuhi mapema, kwa sababu kibali chake kinakwisha siku hiyo, na Jumanne hataweza kunigusa, itabidi nimwone daktari kijana. Nilimwomba ang'oe na lile lililo karibu nalo, yote yaishe mkononi mwake, nisije nikashikwa taya na mgeni uzeeni. Alilipigapiga kwa kijichombo chake, akatikisa kichwa. Alisema ni zima, na jino zima haliruhusiwi kung'olewa, hata la mama. Kwa hiyo mkiwa mnasoma hapa, mimi nimekaa mstari wa mbele na pamba mdomoni. Mkiimba, nitapiga makofi tu.